Nilivyogundua mapema kuwa kumbukumbu za mama zinapotea

"Uzee tu huo, mwache." Niliambiwa hivyo karibu kila nyumba hapa Ngamiani, Tanga, na bado naudhika. Anayesahau kwa uzee tu husahau jina, likamjia jioni anapokoga. Mama alikuwa akiuliza "Nazi umeshanunua?" mara nne kabla wali haujaiva, na kila mara kwake lilikuwa swali jipya.

Nilikosea kumpima kwa mambo ya kale. Nikamwuliza harusi yake, kazi za mkonge, majirani wa barabara ya 8. Akajibu yote bila kukwama, nami nikaamini ni mzima. Kumbe ya zamani ndiyo hudumu, yanayotangulia kuponyoka ni ya asubuhi ya leo.

Yaliyonifumbua macho ni maneno matatu: ufunguo, embe, ngalawa. Redio nazima, nakaa mbele yake, anayarudia palepale nijue kayasikia. Tunazungumza mengine dakika 5, kisha naulizia. Akikwama nampa kidokezo: "Kimoja kinafungua mlango." Kidokezo kikilirudisha neno, basi lilihifadhiwa, ila kulitoa ni kazi. Kisiporudisha kitu, tena siku baada ya siku, hapo pana jambo. Mama hakikumsaidia.

Mtihani wa kuchora uso wa saa, unaotumika kupima akili, niliuacha, kalamu hakuizoea. Nikatazama mkate wake wa kumimina, alioupika maisha yake yote: alisaga mchele bila kuuloweka, hamira akatia mara mbili. Nikaandika tarehe na tukio kwenye daftari, miezi mitatu.

Daktari alilisoma hilo kwanza. Nilibeba na dawa zote, hata za dukani. Vile vidonge vya mafua alivyomeza apate usingizi, klorofeniramini, huwavuruga wazee akili, akavisimamisha. Akapima sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, maana metformin, dawa ya kisukari, ikimezwa miaka mingi huishusha. Laki na ushee ilitoka. B12 ilikuwa chini, akachomwa sindano, ganzi ya miguu ikapungua. Kusahau kumebaki: ni dimensia, maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu, ingali changa. Kwa kuwa tuliiwahi, mama alitamka mwenyewe nani asimamie shamba lake la minazi Pangani.

Ila mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, achana na daftari. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, au alianguka na damu inavujia kichwani. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.