Nilivyojifunza kumpa mtu jembe mkononi

Siku tano kabla ya Idi ya mwaka 2024, fundi wangu hakuja kazini. Mezani palikuwa na kanzu kumi na moja hazijatiwa kola, madera yanasubiri ovaloku, na abaya mbili za mteja aliyekuwa anasafiri kwenda Pemba. Simu yake iliita mpaka ikakata. Nikakaa mbele ya cherehani, funga imenikaza, nasema peke yangu: binti huyu nilimpokea hajui hata kujaza bobini, leo ananiacha kumi la mwisho?

Nina kibanda cha kushona Ngamiani, hapa Tanga. Kwetu mafundi Ramadhani ndiyo msimu wenyewe, na kumi la mwisho ndilo linalolipa kodi ya miezi iliyolala. Niliamini kila aliyeshika mkasi analijua hilo, kwa hiyo sikuwahi kumtamkia fundi wangu kwamba siku hizo nahitaji abaki mpaka usiku. Nilingoja ajiongeze. Mwaka huo yeye saa kumi na mbili jioni anafunika cherehani yake, anaaga, anakwenda kufuturu kwao. Mimi nanuna. Asubuhi akinisalimia naitikia nusu mdomo, nikiamini kununa kwangu kunaeleweka.

Jioni ile nilipomaliza kufuturu nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha vizuri, akaniletea uji wa pilipili manga, akatuacha barazani wawili. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Lakini nikamuuliza tu, "Mdogo wangu, nimekukosea nini?"

Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Dada, mwaka jana nilibaki. Siku tisa, mpaka saa tano za usiku. Nilihesabu. Bodaboda ya kurudi nilikuwa najilipia mwenyewe. Siku ya Idi ukanipa doti ya kanga."

"Na ulinishukuru."

"Nilishukuru, ndiyo. Ningesema nini, Dada?"

Iliniuma. Doti ile nilizunguka maduka matatu kuitafuta, nikachagua jina zuri, nikampa kwa mapenzi. Kwangu ilikuwa zawadi ya Idi. Kwake ilikuwa ndiyo malipo ya usiku tisa, na kwa hesabu hiyo nilikuwa nimempunja. Kila mmoja aliondoka pale na maana yake, na mwaka mzima tukashona bega kwa bega bila kuulizana.

Tulipatana usiku uleule. Atabaki mpaka saa tatu, si saa tano, kwa sababu mama yake hapendi arudi usiku mkubwa. Futari nitaileta mimi pale kibandani. Bodaboda juu yangu. Kila saa ya ziada ina pesa yake, na tuliitaja kwa shilingi, si "tutaangalia". Asubuhi alikuja mapema kuliko mimi. Kanzu zote zilitoka. Abaya moja haikuwahi, nikarudisha kianzio cha watu na kuomba radhi.

Baada ya Idi nilikuwa nampima mteja mmoja anayefanya kazi kwenye mambo ya ajira, nikamsimulia. Akanieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na kwamba kazi ya ziada ni ya makubaliano na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Masharti ya kazi yenyewe mwajiri anatakiwa ayatoe kwa maandishi. Nilisimama na futi kamba shingoni, nahesabu zile siku tisa. Mwisho wa mwezi nilimlipa fundi wangu zile za mwaka uliopita kwa mafungu mawili. Alilia, na mimi sikujua niweke wapi uso.

Sasa tuna daftari. Hata wateja tunawaandika humo: mshono gani, urefu unaishia wapi, bitana ipo au haipo, siku ya kuja kujaribu. Zamani mteja akisema "wewe si unajua mwili wangu", nilijisikia nimesifiwa. Siku hizi namwomba asimame nimpime upya na aniambie anataka ikae vipi, kwa sababu neno hilo ndilo lililoniletea ugomvi mwingi kuliko zipu mbovu.

Ungedhani nimeshajifunza. Kazini, ndiyo. Nyumbani bado.

Mwaka huohuo, baada ya Idi Kubwa, wifi yangu alikuja kutoka Muheza na kiroba cha machungwa. Alisema anakuja kutafuta kazi, atakaa kidogo. Kidogo kikawa miezi mitatu. Nikirudi saa moja usiku nakuta vyombo vya mchana bado kwenye karai, jiko halijawashwa, yeye kakaa sebuleni na simu. Nilikuwa nagonga masufuria kwa makusudi ili asikie. Mume wangu alisema, "Mwambie." Nikamjibu, "Ni dada yako, mwambie wewe." Akawa ananingoja mimi, nami namngoja yeye.

Sisi wa pwani tuna njia yetu ya kusema bila kusema. Bibi yangu alikuwa na kanga ya kila jambo, na mtaa mzima ulijua leo anamsema nani. Basi nikatoa kanga yangu ya njano yenye jina *Shukrani ya punda ni mateke*, nikajifunga siku mbili mfululizo. Wifi akanitazama akasema, "Wifi, kanga hii nzuri, uliinunua wapi?" Nilichukulia hilo ndilo jibu lake. Usiku sikulala.

Huku methali moja inanizunguka kichwani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa naikariri kama ushahidi dhidi yake, maana siku ya tatu ilishapita zamani. Jioni moja naosha vyombo kwa hasira ndipo nikasikia neno ambalo miaka yote nimelipita. *Mpe.* Wazee hawakusema mngoje aende akalitafute jembe ghalani. Mwenyeji ndiye anayejua jembe liko wapi, shamba ni lipi, na lilimwe mpaka wapi. Mgeni atajuaje?

Sikusema siku ile, kwa sababu nilikuwa bado nachemka, na ninajijua. Nilingoja Ijumaa baada ya isha, tumeshakula, tunachambua mchele wa kesho. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu machache, nisije nikaanza kurudi mpaka kwenye harusi yangu na nani alisema nini.

"Wifi," nikasema, "kuna jambo linanikereketa na ni haki yako kulijua. Nikirudi kazini nakuwa nimechoka sana. Nilikuwa natarajia nikute vyombo vimeoshwa na chakula kimebandikwa, lakini sijawahi kukuambia. Na wewe, ulikuwa unatarajia nini kwetu?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango. Nisingeliuliza, yangebaki malalamiko tu.

Akaacha mchele. "Wifi, wiki ya kwanza niliosha sufuria. Ukaichukua ukaisugua tena mbele yangu. Nikasema basi, jiko hili lina mwenyewe."

Nilikumbuka. Ilikuwa na masizi chini, nikaipitisha steelwaya bila kufikiri, kwa mazoea ya mkono tu. Yeye alisoma humo kwamba kazi yake haitakiwi, na tangu siku hiyo akawa anaogopa kugusa kitu. Nikamuuliza kuhusu kanga. "Ile ya njano? Mie niliona rangi tu, wifi. Jina sikulisoma."

Kisha akasema lake, macho chini: alikuwa ameitwa kwenye usaili mara mbili akashindwa kwenda, hana nauli. Alitarajia kaka yake ataona mwenyewe. Kaka yake alikuwa ndani, anasikia. Alitoka, akakaa nasi kwenye mkeka, na tukazungumza watatu mpaka mchele ukaisha.

Kuanzia hapo jikoni jioni palikuwa pake. Mchuzi wake una tui zito kuliko nipendavyo, na sufuria anaziosha kwa namna yake. Fungu langu lilikuwa kunyamaza, na nakiri lilikuwa gumu. Mwezi wa pili yake alipata kazi dukani, akapanga chumba.

Si kila jambo nimelisema uso kwa uso. La mama mkwe nililipitisha kwa shangazi wa mume wangu, kwa sababu kumkabili mimi mwenyewe kungekuwa utovu wa adabu kwetu, na shangazi anajua kulibeba neno likafika bila kuvunjika. Nilichohakikisha ni kwamba shangazi naye anajua hasa ninachoomba.

Limebaki la dada yangu aliyeko Dar es Salaam. Mama yetu ana presha, dawa na nauli za kliniki zinatoka kwangu, na dada hutuma akikumbuka. Miaka minne namkasirikia, na sijawahi kumtajia hata mara moja dawa ni shilingi ngapi. Juzi nilimwandikia ujumbe, nikaufuta. Mambo haya ya mama sitaki ayasome akiwa kwenye daladala. Nimeyaandika kwenye karatasi, dawa kwa dawa, na Jumamosi napanda basi la alfajiri. Fundi wangu nimeshamwambia tangu jana kwamba siku hiyo kibanda ni chake, na malipo yake tumeshakubaliana.