Popo wa Kidike 200 kwa picha 10 tu

Assalaam aleikum jamani, siku nyingi sijaandika hapa, nilizama kwenye popo. Mtoto wa ami yangu anatembeza wageni pale Kidike, hifadhi ya popo hapa Pemba, akaniomba kivideo cha sekunde 20 cha kuwaonesha watoto wa skuli vile popo wetu wanavotoka jioni kwenda kula. Nikenda na simu siku tatu mfululizo, wapi, kiza kikianza kuingia picha inajaa chenga, popo wanakuwa madoa tu. Na mchana kuna watu hupiga makofi ili waruke wapate picha, mie hilo siliwezi, mnyama kalala zake, tena popo huyu hayupo popote duniani ila Pemba, akikunjua mabawa anafika karibu mita 1.6, na zamani aliwindwa kuliwa mpaka wakabaki wachache sana. Tuwaachie walale. Nikaamua kuwatengeneza kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kutengeneza picha na video za 3D, ambayo ni ya bure.

Nikachora popo mmoja kwa ubavu, picha 10 za PNG zenye alfa (yaani nyuma ya popo ni uwazi mtupu), popo_0001 mpaka popo_0010, duru moja ya kupiga bawa. Hapa angalieni: picha ya mwisho isiwe sawa na ya mwanzo. Mie mara ya kwanza nilichora 11, ya 11 ikawa ndo ile ile ya 1, basi kila duru popo anaganda kidogo juu kama kakwama na kitu. Nikaifuta ya 11, akateleza vizuri.

Halafu nikazibandika zile picha kwenye kikaratasi bapa cha humo humo Blender kama sikwensi (picha zinazofuatana) inayojirudia, nikakipa mfumo wa chembe, yaani kifaa cha kurusha nakala nyingi za kitu kimoja, ukitupe mara 200 kutoka nje ya picha. Nikarenda, yaani nikaiachia kompyuta itoe video yenyewe. Wallahi popo 200 wote mabawa juu, wote mabawa chini, kwa pamoja, kama gwaride la Mapinduzi! Hakuna kundi la popo duniani linaruka hivo. Sababu ni kwamba chembe zote zinatumia materiali moja (ile rangi na picha inayovalishwa kikaratasi), na materiali moja ina saa moja, kwa hiyo fremu ya 37, yaani picha ya 37 ya video, kila popo anaonesha picha ile ile, ukiongeza chembe hata 1000 ndo unazidisha gwaride.

Dawa yake ni kutengeneza vikaratasi vingi, mie nilifanya 10, kila kimoja na materiali yake, kila materiali ianze duru kwa fremu tofauti. Vyote unavitia kwenye kolekshen (fungu) moja, kisha unaiambia chembe iokote chochote humo bila mpangilio. Hapo nilipoteza usiku mzima kwa kosa moja: pale kwenye sikwensi kuna namba ya fremu ya kuanzia na kuna namba ya ofseti (ya kusogeza namba ya picha mbele), mie nikabadilisha ofseti, popo wangu wakageuka pinki tupu, rangi ambayo Blender huonesha ikikosa picha. Kumbe ofseti inajumlishwa baada ya duru kuhesabiwa, kwa hiyo Blender ilikuwa inatafuta popo_0013 na faili hilo halipo. Rudisha ofseti sifuri, badilisha fremu ya kuanzia, basi.

Yakaja mengine. Ukirenda na Cycles, injini ya Blender inayofuata miale ya mwanga, pale popo wengi wanapopishana unatokea weusi wa mraba, kwa sababu mwale unaruhusiwa kupita vitu vya uwazi mara 8 tu, ukishafika 8 unakata. Niliipandisha 64, ikarenda polepole zaidi lakini weusi ukaondoka. Na kwa vile mchoro wangu unatazama kulia, popo wote niliwapeleka kulia, maana anayekwenda kushoto angeruka kinyumenyume.

Nikamuonesha bibi yangu, ambaye kawaona popo hawa tangu mtoto mdogo. Akaangalia mara mbili, kimya, halafu akanambia, "Mjukuu wangu, mbona hawa hawapumziki? Popo akishapata upepo hutandaza mabawa akaenda hivihivi." Nikarudi kwenye zile video zangu mbovu za simu na kweli, hata kwenye madoa inaonekana, anapiga mara kadhaa, anatandaza, anapiga tena. Mie siku zote tatu nilikuwa nahangaika na mwanga, sikutazama mnyama mwenyewe.

Kwa hiyo nimechora sikwensi ya pili, ndefu, fremu 40, anapiga duru tatu kisha anatandaza fremu 10 mwili ukishuka kidogo, na nimezitia zote mbili kwenye kolekshen, zile fupi vikaratasi 10 na hizi ndefu 8. Kompyuta inarenda sasa hivi, imeshafika fremu 212 kati ya 500, feni inavuma, na umeme leo haujakatika alhamdulillah. Kesho nampelekea bibi kwanza, kisha ndo mtoto wa ami.