Okidi Juu ya Gudulia

Anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, kama tulivyo wengi hapa Dar es Salaam, hawezi kuihudumia okidi (mmea wa maua) iliyofungwa kwenye gome tupu, kwa sababu gome hukauka kabla ya adhuhuri na mmea huhitaji maji kila siku, pengine mara mbili. Ndiyo maana wengi huikimbizia kwenye kopo lenye udongo wa bustani, nayo huoza. Okidi nyingi za misitu yetu hazikai ardhini, bali hushika matawi na miamba zikiacha mizizi nje, ilowe mvua inaponyesha na ikauke upepo unapopita. Ni miaka kadhaa sasa napanda zangu juu ya vitu vinavyotunza unyevu vyenyewe, na katika vyote sijaona kinachoshinda gudulia la udongo.

Sababu iko kwenye mzizi. Mzizi wa okidi inayoota juu ya miti umevikwa tabaka la seli zilizokufa, linalofyonza maji kama sifongo. Ukiwa mkavu una rangi ya fedha. Ukiumwagia maji unageuka kijani papo hapo, kwa kuwa tabaka lililolowa hupitisha nuru na kuonyesha kijani kilicho ndani, ambacho nacho hufanya usanisinuru. Mzizi wa namna hii unataka maji na hewa kwa pamoja, ilhali udongo ulioshindiliwa hutoa maji na kuunyima hewa.

Gudulia lisilopakwa rangi wala vanishi hutoa vyote viwili. Maji hupenya taratibu kwenye vitundu vya udongo uliochomwa, na yanapofika nje hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Kwa hiyo ukuta wa gudulia huwa na unyevu na ubaridi, huku mizizi ikibaki hewani. Kabla ya kupanda, lijaze maji uliache usiku kucha. Likiamka na rangi iliyokoza na unyevunyevu unaohisika kwa kiganja, linafaa. Likidondosha matone linavuja kupita kiasi, na likiwa kavu kabisa basi limezibwa vitundu.

Mmea naufunga kwenye bega la gudulia kwa utepe uliokatwa kwenye soksi ya nailoni, ambao hauchubui mizizi, majani yakielekea pembeni au chini kidogo ili maji yasituame katikati yake. Chini ya mizizi ya zamani natandika nyuzi chache za makumbi, kwa kuwa mizizi hiyo haitashika tena. Itakayoshika ni mipya. Mzizi mpya hutangulia na ncha ya kijani, na ukigusa udongo hujibapa na kujigandisha kiasi kwamba ukiuvuta utakatika kabla haujabanduka. Hapo ndipo utepe huondolewa, wala hakuna haja ya kuharakisha.

Kazi inayobaki ni kuongeza maji yanapopungua, mara nyingi zaidi wakati wa kaskazi kuliko wakati wa masika. Mdomo wa gudulia lazima ufunikwe, nami hutumia kifuu cha nazi, kwani mbu wa dengue huzaliana kwenye maji ya vyombo vya nyumbani kama hivi. Maji ya visima vingi vya jijini yana chumvi, na chumvi hiyo hujitokeza ukutani kama unga mweupe unaounguza ncha za mizizi, kwa hiyo ni bora kukinga maji ya mvua. Mbolea nayo isitiwe ndani ya gudulia. Naizimua hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, nainyunyizia mizizi, kisha baadaye naisuuza kwa maji matupu.

Asiye na gudulia atumie kumbi zima la nazi, lililoning'inizwa kwa mshazari chini ya upenu ili mvua za masika zisilifanye lijae maji siku nzima. Asichukue makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, kwa kuwa yamekolea chumvi. Hata yale mabichi ya shambani huloweshwa kwenye maji yasiyo na chumvi yanayobadilishwa hadi yaache kutoa rangi ya kahawia. Shina la mkangaga mkubwa wa milimani, ule unaokua kama mti, ambalo wakulima wa okidi duniani wamelipenda kwa muda mrefu, silipendekezi hata kidogo: hukua polepole sana, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kama ilivyo kwa okidi zenyewe.

Kwa gudulia, chaguo langu ni Aerangis kirkii, okidi ndogo ya ukanda wetu wa pwani iliyopewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Maua yake meupe yana mrija mrefu wa nekta na hunukia usiku, saa ambazo nondo huyatembelea. Tafuta mche uliooteshwa bustanini, si uliong'olewa msituni. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, imo kwenye hatari porini kwa sababu ya kung'olewa huko, na nyumbani gudulia haliifai: ni nzito na hupenda msimu wa ukavu, hivyo ifungwe kwenye gogo gumu mahali penye jua la asubuhi.