Mama wa mwana mpotevu alivyoniponza kwenye baraza la wazee

Kosa langu lilikuwa kumpa yule kijana mama. Niliandika igizo la mwana mpotevu, yule wa Luka 15 aliyetapanya mali ya baba yake akaishia kulisha nguruwe, kwa ajili ya vijana wa usharika wetu hapa Njombe, na mzee mmoja wa kanisa akasimama mbele ya baraza zima akasema nimeongeza kwenye Neno. Alifungua Ufunuo 22 akanisomea mstari wa 18, ule wa mapigo kwa atakayeongeza neno, taratibu, akinitazama kwa juu ya miwani.

Sikuwa mgeni wa kukemewa. Miaka miwili kabla ya hapo nilishaandika hadithi moja, tena kwa kufuata ushauri. Mtumishi mmoja alinihakikishia kwamba mwandishi aliyeokoka habuni kitu: anafunga, anaomba, maneno yanashuka yenyewe. Nikafunga siku tatu. Kilichoshuka ni njaa. Hata hivyo nikajaza kurasa kumi na mbili za kaunta buku: binti anakwenda mjini, ukurasa wa pili anaanguka dhambini (dhambi gani, sikuthubutu kuandika), ukurasa wa tatu anakutana na mwinjilisti stendi, na kurasa tisa zilizobaki mwinjilisti anahubiri. Niliweka mistari ya Biblia kila nilipoishiwa, na niliishiwa mara nyingi. Nikawasomea watoto wa shule ya Jumapili kwa sauti ya majonzi. Nilipomaliza, mtoto wa dada yangu akanyoosha mkono.

"Mama mdogo, huyo mwinjilisti basi lake halikumwacha?"

Nilimfokea. Jioni, nikiosha vyombo, nikacheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kulikoni. Mtoto alikuwa ameiona stendi kuliko mimi niliyeiandika. Nilikuwa sijamwekea yule mwinjilisti hata begi mkononi.

Na huo ushauri wa maneno kushuka, nilikuja kuukagua mwenyewe. Luka anafungua Injili yake kwa kusema amejitafutia kwa usahihi habari zote tangu mwanzo, akaona vema kuandika kwa taratibu. Amehangaika huyo mtu. Nabii Nathani naye, katika 2 Samweli 12, hakumwendea Daudi na hotuba juu ya uzinzi na uuaji. Alimpa hadithi ya tajiri mwenye kondoo tele aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, na hapo kuna kitu ninachokipenda sana: huyo mwana-kondoo alikula tonge la maskini, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake. Daudi akawaka hasira, akaamuru alipe mara nne. Mfalme mzima anamhukumu mtu ambaye hajawahi kuwepo! Na miti ya Waamuzi 9 inayotafuta mfalme, sijawahi kusikia mtu akiuliza mzeituni ulijibu kwa mdomo upi.

Kwa hiyo igizo nililianzia kwenye banda. Nimefuga nguruwe miaka sita, baridi ya Julai naijua, na harufu ya pumba zilizochacha hainitoki hata nikioga mara mbili. Luka anasema kijana alitamani kujishibisha kwa maganda waliyokula nguruwe, wala hapana mtu aliyempa kitu. Basi kijana wangu anainama juu ya hori, anachagua ganda moja lenye nafuu, analifuta kwenye shati, na jike mmoja anamsukuma kwa pua anaangukia matopeni. Hasemi neno. Hapo nilitaka kumtia sala ndefu kinywani. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, nikaichana.

Mama akaja bila kuitwa. Nilikuwa najiuliza nyumbani kulikuwaje miezi yote ile, nikamwona mwanamke anapakua ugali, sahani moja anaifunika kwa sahani nyingine na kuiweka kando. Asubuhi anaifunua, anawamwagia mbwa, anaiosha. Baba anaona, hasemi kitu. Ndiyo sehemu yake yote, hana hata mstari mmoja wa kusema, na ndiyo iliyonipeleka barazani.

Usiku kabla ya kikao cha pili sikulala. Nilijua nikibishana na yule mzee ataniita mkaidi, na ana umri wa baba yangu. Ila nilikumbuka jambo moja. Kila Krismasi, tangu nikiwa mdogo, kwenye igizo la kuzaliwa kwa Yesu yeye ndiye mwenye nyumba ya wageni. Anatoka na kanzu ya mistari na taa ya chemli, anapiga kelele, "Hakuna nafasi! Nendeni zizini!" na watoto wanashangilia. Hakuna anayemfikia.

Kikaoni nikamwamkia, nikasema, "Mzee, naomba utusomee Luka 2, mstari wa 1 hadi 20, kisha utuonyeshe mwenye nyumba ya wageni anaposema."

Akasoma kwa sauti yake nzito. Akafika 20. Akarudi 7. "Kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Akageuza ukurasa, akaurudisha. Mchungaji aliinama chini ya meza kama mtu aliyedondosha kalamu. Mama mmoja nyuma akauliza, "Na punda je?" Mwingine akadakia kwamba hata mamajusi Mathayo hakuwahesabu, alizitaja tunu tu.

Igizo likapita. Mchungaji aliweka sharti moja: kabla ya kuanza, msimulizi awaambie watu kwamba mama hakuandikwa, tumemwaza sisi. Nilinuna, nikaona ananiharibia. Alikuwa sahihi, sasa naanza hivyo kila igizo, na watu wanakaa wakimsubiri huyo asiyeandikwa.

Gharama haikuwa kubwa, elfu thelathini na kitu, kuchapa stesheneri na kitambaa cha kanzu. Nguruwe tuliigiza na gunia na kijana mmoja mnene aliyejitolea, tena kwa furaha kupita kiasi. Sahani zilikuwa zangu, na ilipofunikwa ile ya tatu kanisa lilinyamaza mpaka nikasikia mabati yakilia kwa jua.

Yule mzee hakunisemesha wiki mbili. Kisha jioni moja akanipigia simu, salamu fupi, akaenda moja kwa moja.

"Binti yangu, yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, aliyegoma nje. Mwishowe aliingia?"

"Luka hakusema, mzee."

Kimya. "Basi mwandike. Na huyo nitamcheza mimi."

Nimemwambia aninunulie kaunta buku.