Mkupo uko juu ya kichwa changu

Mwezi wa kwanza wa pensheni nilienda benki nikatoa hela yote kama nilivyozoea kutoa mshahara, nikatia kwenye pochi, tarehe 9 nikawa namuuliza mzee, mume wangu, kama ana elfu mbili ya dagaa. Akaniangalia tu. Yeye alishanitangulia kustaafu, tena kampuni binafsi, alipewa chake mara moja akaondoka nacho, hana cha kusubiri tarehe 25, kwa hiyo anajua.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 35, nikastaafu Juni 2021 hapa Morogoro, sitini imetimia na ndo hivyo. Mshahara wa mwisho ulikuwa laki tisa kabla ya makato, pensheni ni 350,000 na vichenji. Najua kuna wenye hali ngumu zaidi, na wenzangu waliotoka baada ya kikokotoo cha Julai 2022, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao, walianza na mkupo, yaani ile hela ya mara moja ukistaafu, wa asilimia 33 wakati mimi nilipata nusu, kwa hiyo silii. Ila watu wanapenda kuuliza mkupo umeupeleka wapi. Uko juu ya kichwa changu, mvua ikinyesha nausikia. Bati, madirisha, choo cha ndani, umeisha.

Sasa hii laki tatu na nusu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalaumu bei, na kweli bei zilipanda, nakumbuka Agosti 2022 petroli ilifika 3,410 kwa lita pale Dar na bodaboda wetu huku naye akapandisha nauli siku hiyohiyo, ilivyokuja kushuka akawa kama hajasikia taarifa. Lakini bei ya petroli siwezi kuishusha mimi. Nikachukua kaunta buku kwaya mbili, ile niliyokuwa naandikia maandalio ya somo, nikasema naandika kila shilingi inayotoka humu ndani, hata ya pipi ya mjukuu. Na peni nyekundu nikarudi nayo kazini. Miaka 35 nasahihisha madaftari ya watoto wa watu, langu sijawahi kulisahihisha hata siku moja.

Ukurasa wa Machi 2023 bado ninao. Mafuta ya kula 1,000, mafuta 1,000, mafuta 500, mafuta 1,000, yaani yanateremka ukurasa mzima kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika sentensi moja mara mia. Nikajumlisha: 27,500. Mafuta ya kupima! Unaenda kwa mangi na kikombe, anachota kwa kile kipimo chake, unarudi umekishika kwa mikono miwili, unaona umetumia kidogo kwa sababu ni buku tu. Mwezi uliofuata nikajibana nikanunua dumu la lita 5, iliniuma siku hiyo, lakini lilitufikisha mwezi na nusu watu watatu. Sio kwamba mangi ananiibia, ndo biashara yake, anayenunua kidogokidogo analipa zaidi. Kilichonishangaza ni kwamba nimefundisha hesabu za faida na hasara darasa la sita miaka yote hiyo, na nilikuwa nafeli mwenyewe na kikombe mkononi.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta vya kupima vyote. Mkaa wa kopo. Sabuni ya vipande. Vocha za mia tano mia tano. Chumvi hapana, chumvi tulikuwa tunanunua pakiti.

LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, ndo ilinifungua macho zaidi. Sikuwa najua kwamba kuna matumizi ya chini na ya kawaida kama vitu viwili tofauti, nilidhani umeme ni umeme. Kumbe kwenye ile ya kawaida elfu kumi inakupa kama unit 28, na ukiwa kwenye kundi la wanaotumia mpaka unit 75 kwa mwezi elfu kumi hiyohiyo inakupa kama 80, kodi ya jengo ikiwa haijakatwa. Mara tatu karibu! Ukivuka 75 zile za juu unalipia bei ya moto, kwa hiyo ni lazima matumizi yenyewe yashuke kweli, huwezi kudanganya mita. Nikaanza kuangalia ndani ya nyumba nini kinakula. Jibu lilikuwa limesimama pale jikoni linanguruma: friji.

Nililinunua nikiwa kazini na watoto wote wako nyumbani. Siku niliyolifungua kwa macho ya ukaguzi ndani kulikuwa na chupa mbili za maji, nusu ndimu, na dawa ya macho ya mzee iliyokwisha muda. Nikamuuzia jirani anayeuza barafu za ubuyu. Mzee alinuna wiki nzima, anasema mtu mzima kunywa maji ya moto ni dharau, mpaka alivyozoea mtungi. Siku hizi nikitaka kitu cha baridi namtuma mjukuu kwa jirani na shilingi mia, barafu inatoka kwenye friji langu mwenyewe. Tulikaa miezi na matumizi ya chini, ndo nikaenda ofisini kwao kuomba nibadilishiwe kundi, ikakubalika. Sa hivi kila ikifika tarehe 20 naenda kuchungulia mita, kama tumekaribia, pasi ya umeme inapumzika na ile ya mkaa inatoka uvunguni.

Kwenye chakula sitasema sana maana kila mtu ana tumbo lake. Ila mahindi. Nilikuwa nanunua sembe kilo mbili mbili mwaka mzima, bei ya Januari na Februari mnaijua wenyewe. Sasa nanunua mahindi magunia mawili mwezi wa nane, watu wametoka kuvuna na wanataka ada za shule, debe sita kila gunia, nayapeta, nayaanika mpaka ukitafuna punje inalia ka!, alafu natia kwenye ile mifuko ya kinga njaa yenye nailoni mbili ndani. Unakamua hewa, unafunga nailoni ya kwanza, unafunga ya pili, unafunga na mfuko wenyewe, mdudu anakufa kwa kukosa pumzi, hakuna dawa hata chembe. Mwaka wa kwanza sikujua, niliweka kwenye viroba vya kawaida, wakaja wale dumuzi tunaowaita skania, nilivyofungua mwezi wa kumi na moja nilikuta unga umeshasagwa bure bila kwenda mashine. Nililia kabisa, sio utani.

Na tunakula dona. Mzee alisema dona ni chakula cha bweni, nikamwambia ukikoboa debe unaacha hela mashineni na sehemu ya mahindi yako inabaki kule inaitwa pumba, alafu sembe yenyewe saa kumi jioni una njaa. Ameacha kubisha. Sukari alibisha zaidi, mapema 2024 pale mvua zilipozuia viwanda kuvuna miwa ikapanda mpaka tukawa tunanunua kilo kwa elfu nne na zaidi, na sisi tuko Morogoro, Kilombero na Mtibwa ziko mkoa wetu huuhuu! Vijiko vitatu nikavifanya kimoja. Vikabaki kimoja hata ilivyoshuka, na daktari wa presha akafurahi.

Hospitali nashukuru kadi ya bima ya mstaafu na mwenza ipo mpaka Mungu atakapotuita, shida ni mjukuu, yeye hayumo, na dawa nyingine ukifika dirishani unaambiwa hakuna kanunue nje. Nina bahasha yake, elfu 30 kila mwezi, siigusi hata kwa msiba.

Haya sasa tuje kwenye kidonda chenyewe. Nilivyomaliza mwaka mzima wa kuandika nikakaa na peni nyekundu nikajumlisha kila fungu, nikategemea chakula kitaongoza, na kiliongoza. Cha pili nikadhani umeme. Hapana. Cha pili kilikuwa MICHANGO. Harusi, sendofu, kichen pati, kipaimara, ubarikio, mahafali ya chekechea (chekechea jamani, mtoto amehitimu kupaka rangi), laki sita na arobaini elfu kwa mwaka. Karibu pensheni ya miezi miwili nimeila ukumbini, tena mara tatu hata sikwenda kwa sababu sikumaliza hela ya kadi.

Mwalimu hawezi kukwepa. Nimefundisha nusu ya kata hii, mtu akioa lazima aseme mwalimu wangu hawezi kukosa. Unaamka asubuhi umeshaunganishwa kwenye grupu, watu 214, jina lako linasubiri ahadi. Single elfu 50, double laki. Na wanaandika orodha kila jioni, mbele ya jina lako pana nafasi wazi, kama shimo la jino. Nilikuwa naandika elfu 50 ili hilo shimo lizibwe tu, alafu usiku silali natafuta pa kuitoa.

Siku niliyoacha ilikuwa harusi ya mtoto wa mtu tuliyewahi kusali naye jumuiya moja zamani, hata sura ya bwana harusi siikumbuki. Mweka hazina, binti niliyemfundisha mwenyewe kusoma, akanipigia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

"Mwalimu mbona uko kimya kwenye grupu, tunakusubiri wewe tu."

Nikasema mwanangu nimestaafu, pesa ya ahadi sina, lakini nina mikono. Nitakuja Ijumaa kuchambua mchele na kumenya vitunguu mpaka viishe. Kimya. Nikasikia anapumua. Alafu akasema, "Sawa mwalimu, nitawaambia kamati," kwa sauti ile ya mtoto aliyeambiwa leo hakuna mapumziko. Nikaenda kweli, tukachambua mchele kilo 80 tukiwa wanawake sita, nikacheka siku ile kuliko harusi zote nilizokaa kwenye kiti chenye kitambaa, nikarudi na pilau ya mzee. Kwenye orodha waliandika jina langu na mbele yake "huduma". Limezibwa.

Siku hizi natoa kwa watoto wa ndugu zangu wa damu na majirani wa mtaa huu, mwisho. Msiba ni kitu kingine, msiba natoa hata kama ni elfu mbili, na naenda kulala matanga. Kuna walioninunia. Mmoja tulifundisha naye shule moja miaka kumi na mbili, tukikutana sokoni anaangalia nyanya.

Nakubali kununiwa kwa sababu nimeona kwa mwenzangu mmoja. Huyu alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake, binti yake akaolewa, akataka sherehe ya kueleweka, akaenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Walimpa milioni moja na nusu wakachukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Kila tarehe 25 wanakwenda wao kwenye mashine, wanatoa, wanakata chao, wanamletea kilichobaki mkononi kama mtoto anayepewa hela ya shule. Alinisimulia tumekaa kwenye foleni ya presha, anasimulia huku anakunja risiti, anaikunja, anaikunja, mpaka ikawa kama punje. Mwaka wa pili huo. Na kila mwaka anajihakiki kwamba bado yuko hai ili pensheni iendelee kuingia, yaani anajihakiki kwa ajili yao.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikaificha kadi yangu ndani ya debe la mchele, mzee akaniuliza wezi wa mchele je. Nikaitoa.

Kitu ambacho kaunta buku imeshindwa kukipangia mpaka leo ni wageni. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024, Dar mpaka hapa ni elfu 13 na haifiki masaa mawili, basi watoto na wajukuu wamegundua kwamba wananipenda. Zamani walikuwa wanakuja Krismasi. Sasa Jumamosi saa nne asubuhi nasikia "hodi bibi!", Jumapili jioni wanarudi na dona yangu kilo tano, ndizi, mchicha wa kwenye ndoo mbovu nyuma ya nyumba, na kuku mmoja roho yake iko mashakani kila mwisho wa wiki. Nilitaka kuwaambia waje na sukari. Sikuweza. Nimefungua ukurasa wao peke yao, kichwa cha habari nimeandika STESHENI, nimepiga mstari kwa rula, na peni nyekundu sijaipitisha bado.

Leo tarehe 19, mita inasoma zimebaki unit 31, gunia la pili sijalifungua. Simu imelia nikiwa naandika hapa, nimeunganishwa kwenye grupu jipya, linaitwa Kamati ya Send Off, picha ya binti mzuri, simjui kabisa. Ngoja niulize harusi ni lini, na kama mchele umeshachambuliwa.