Siku yangu moja: mwalimu wa Historia, Kidato cha Kwanza

Saa 10:30 alfajiri naamka, saa 11:15 niko kituoni Chamazi nasubiri daladala. Nasimama mpaka Temeke. Hapo hakuna la kusimulia, kila anayekaa upande huu wa Mbagala anaijua hiyo safari.

Mimi ni mwalimu wa Historia, shule ya serikali. Wenzangu wa Hesabu na Fizikia wanabembelezwa wafundishe tuisheni. Mimi naulizwa, "Si unahadithia tu?" Haya, leo nahadithia.

Saa 1:00 asubuhi mstarini, usafi, mahudhurio.

Saa 2:00 niko mkondo B. Wanafunzi zaidi ya tisini, dawati la wawili wamebanana watatu. Mada ni Misri ya kale. Nauchora Mto Nile ubao mzima: chini Ziwa Victoria, juu kabisa Bahari ya Mediterania. Kisha naandika Misri ya Juu upande wa chini, na Misri ya Chini upande wa juu. Kelele zinaanza. "Madam, umegeuza!" Kila mwaka wanasema hivyo, na kila mwaka nakuwa nimebeba chupa ya maji. Natega madaftari chini ya miguu miwili ya dawati, namimina maji juu yake. Yanateremka moja kwa moja hadi kwenye suruali ya kijana wa mbele, darasa linavunjika mbavu, na hoja imeeleweka: juu ni kule maji yanakotoka, na Nile unakwenda kaskazini.

Binti mmoja ambaye kwao ni Mwanza anaruka: kumbe Mafarao walikuwa wanakunywa maji yetu! Makofi. Nalazimika kuwapunguzia raha, kwa sababu mafuriko ya kila mwaka na lile tope jeusi lililorutubisha mashamba yao vilitoka zaidi nyanda za juu za Ethiopia, kwa Nile ya Buluu. Haya yote nayasema kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya somo, halafu nayarudia kwa Kiswahili ili yaingie. Kipindi ni dakika 40. Pigeni hesabu wenyewe.

Saa 3:20, mkondo C. "Madam, piramidi si zilijengwa na viumbe wa sayari nyingine? Nimeona TikTok." Swali hili linanichoma. Sijawahi kusikia mtu akidai kwamba makanisa makubwa ya Ulaya yalijengwa na viumbe wa angani; ikifika zamu ya Afrika ndipo mafundi wanatafutwa mbinguni. Nikawaeleza kwamba pale Giza, mji ulio karibu na Cairo zilipo piramidi, wanaakiolojia wamefukua makazi ya wafanyakazi, sehemu walizookea mikate, hata makaburi yao. Mwaka 2013 zikapatikana karatasi za mafunjo huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu. Msimamizi mmoja, Merer, alikuwa akiandika siku kwa siku namna kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza, kwa kazi ya piramidi ya Farao Khufu. Ni kama daftari la mwalimu wa zamu, ila lina miaka 4,500 hivi. Yule kijana akafikiri kidogo, akauliza kama hao viumbe hawakuwa ndio walimfundisha Merer kuandika. Kengele ikaniokoa.

Mapumziko. Chai na chapati. Sijamega hata kipande cha pili, mzazi kasimama mlangoni, barua mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayechangisha?"

Barua ni ya ziara ya Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kibali kipo, mchango wa nauli ni shilingi 3,000, na imeandikwa wazi kuwa ni hiari. Nikamsomea. Akasema elimu ni bure. Nikasema ni kweli, ila daladala ya kukodi si bure. Akavuta kiti. Akaanza habari za mchango wa mitihani wa shule ya msingi ambao siujui, akaja kwenye bei ya mchanga (ana lori), akauliza Farao atampatia mwanawe ajira gani. Chai ikapoa. Kiranja akachungulia, "Madam, kipindi," nikamwambia waandike notisi. Mzee hana haraka. Anasema kwao Kilwa magofu yamejaa tele, majumba ya Wareno, amekulia humo na hayajamlisha.

Hapo nikaiweka chapati chini. Wareno waliiteka Kilwa 1505, mzee wangu! Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita 1331 akakuta mji wa watu wenye sultani wao na msikiti wao, na Husuni Kubwa, jumba la sultani, ilijengwa zama hizo hizo kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba. Akanyamaza, akasema utotoni walikuwa wakiokota vishaba vidogo vyenye maandishi mvua ikinyesha, wakavichezea bao. Nikamwomba, karibu kupiga magoti, aje awasimulie watoto hilo. Akasimama. "Nina tripu mbili za mchanga, mwalimu. Na elfu tatu sitoi."

Nusu ya kipindi cha mkondo A imeondoka hivyo. Nimewafundisha Meroe, mji wa kale wa ufalme wa Kushi huko Sudan ya leo, kwa mbio: chuma, piramidi ndogo zenye mteremko mkali, wafalme wa Kushi walioitawala Misri yenyewe. Baada ya hapo saa sizifuatilii tena. Joto la darasa la bati, kikao, msichana anaumwa tumbo, foleni Mtoni kwa Azizi Ali, miguu inawaka.

Usiku nasahihisha. Daftari la kijana wa mbele, yule wa suruali, limekunjamana kwa maji. Swali: kwa nini inaitwa Misri ya Juu? Jibu: "Kwa sababu iko juu ya dawati." Nimempa nusu alama, maana mishale ya mto ameichora sawasawa.