Bergamo, kumsikiliza besi akikimbia

Nina miaka kumi na moja naimba besi kwenye kwaya ya parokia, na Mwalimu wetu hajabadili kauli: "Besi ni nguzo, na nguzo haikimbii." Soprano wapambe watakavyo, sisi tushike do na so zetu huko chini. Kwa hiyo binamu yangu anayefanya kazi Milano, Italia, aliponiambia kwamba huko Bergamo nitawaona mabesi wakikimbizwa, nilidhani ni utani wake.

Treni ya Milano kwenda Bergamo haimalizi saa nzima. Ilikuwa Novemba, ukungu umelalia mashamba, dirishani sikuona kitu. Mji una sehemu mbili. Ule wa juu, uliozungushiwa kuta za Waveneti, unapandiwa kwa kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma. Kilipoanza kupanda nilishika kiti kwa mikono miwili, binamu akanipiga picha. Anayo hadi leo.

Nilitaka kwanza kuona kaburi la Gaetano Donizetti, mtunzi aliyeacha opera zipatazo 70, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa. Limo ndani ya kanisa la Santa Maria Maggiore, na chini ya sanamu watoto saba wa marumaru wanamlilia, saba kama noti. Humohumo amezikwa mwalimu wake, Simon Mayr, Mjerumani aliyeanzisha shule ya bure ya watoto wa kwaya. Donizetti aliingia shuleni hapo 1806, mtoto wa fukara aliyezaliwa kwenye vyumba vya chini ya nyumba, mtaa wa Borgo Canale. Sauti yake wala haikuwasisimua walimu. Kumbe mwenzetu, mtu wa kwaya!

Jioni tukashuka mji wa chini, kwenye ukumbi mdogo, tiketi za juu kabisa karibu na dari. Walikuwa wanaimba Don Pasquale, opera ya Donizetti huyohuyo, iliyooneshwa mara ya kwanza Paris 1843. Mzee kapera mwenye pesa anataka kuoa ili mpwa wake asirithi. Nafasi hiyo iliandikiwa Luigi Lablache wa Napoli, besi pande la mtu, aliyewahi kumfundisha Malkia Victoria kuimba. Kwenye opera za wakati ule mwimbaji wa tenor, sauti ya juu ya kiume, ndiye anayepata mchumba. Besi anapewa ubaba, upadri au ufalme. Huyu wetu aliambulia kofi la mkewe, na ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka sana.

Ndipo mzee na daktari Malatesta, ambaye ni baritoni, sauti iliyo kati ya tenor na besi, walipokaa kupanga namna ya kumfumania mke bustanini. Mzee akaanza peke yake, maneno yakimtoka kama mtama unaomwagwa kwenye ungo. Daktari akafuata. Kisha wote wawili kwa pamoja, na hakuna maikrofoni.

Niliazima darubini ya mama aliyekaa pembeni yangu nikamtazama yule besi tumboni. Mabega hayakupanda hata kidogo. Mkanda wa suruali ndio uliokuwa ukitanuka kwenye vituo ambavyo mimi hata sikuvisikia, pumzi ya kuibia, halafu midomo inaendelea. Taya limelegea kabisa, kazi yote iko kwenye ncha ya ulimi. Na chini ya mbio zote zile sauti ilibaki nene, kila noti imekaa mahali pake. Nguzo ilikuwepo. Ilikuwa inakimbia nayo.

Watu wakapiga makofi hadi wakarudia kipande chote.

Kwenye treni ya usiku nilijaribu mwenyewe, taratibu, kwa silabi za "Bwana utuhurumie". Pumzi ilinikatikia kwenye silabi ya tisa, na jamaa wa kiti cha mbele akageuka kunitazama. Nikajirekodi hivyohivyo, nikamtumia Mwalimu.

Alijibu asubuhi: "Nimesikia. Jumapili usithubutu."